Kaseti ya Matangi

Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka kwenye kamera, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mguu wa suruali ya mpiga video kwa mikono miwili. Yeye alikuwa juu ya stuli, kamera begani, jicho moja limefumbwa. Mimi nilikuwa chini, ndala moja imeshabaki barabarani. Ukumbi mzima ulikuwa umegeukia mlango, maana bibi harusi alikuwa amesimama pale anasubiri muziki. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naiangalia ile taa. Iliwaka bila kupepesa, na kila ilivyozidi kuwaka, ndani ya kile kisanduku baba yangu alizidi kufutika.

Nina habari. Inaniwasha ulimi tangu jana, na wanaonijua wanashangaa nimewezaje kulala nayo. Ila nikiitoa sasa hivi mtasema hongera, kisha mtaniuliza kuna nini cha kula. Kwa hiyo ngojeni. Kwanza turudi nyumbani, kwenye kabati.

Sebule yetu ilikuwa na vitu viwili vya maana, cherehani ya mama na kabati la kaseti la baba. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na yeye alikaa ameipa televisheni mgongo, kwa hiyo filamu zote za nyumba ile alizijua kwa masikio tu. Baba alikuwa karani wa idara ya maji. Kazini walimwita Bwana Kimya. Nasikia alikuwa akiomba kalamu kwa sauti ya chini mpaka watu wanamwinamia. Huyohuyo akifika nyumbani, akavua viatu, akachomeka maikrofoni kwenye deki ya video, alikuwa jogoo.

Alianza kukusanya kabla sijazaliwa. Alinunua kaseti kwenye maduka ya kukodisha filamu yalipokuwa yanafungwa, kwa watu waliokuwa wanahama, kwa wachuuzi waliozipanga kwenye turubai pamoja na pasi mbovu na viatu vya mguu mmoja. Alichagua filamu za kuangalia na watoto na katuni za zamani tu, zile zilizochorwa kwa mkono, ambazo ukitazama vizuri unaona rangi inatetemeka pembeni mwa mnyama. Zilikuwa za lugha za watu. Hatukujua wanasema nini. Basi baba akawa anawasemea.

Deki yetu ilikuwa na kitufe ambacho katika nyumba nyingi nadhani hakikuwahi kuguswa. Ukikibonyeza, picha inabaki vilevile, sauti ya zamani inafutika, na yako inaingia. Baba alikaa chini, magoti kifuani, akawa jogoo, akawa kuku, akawa kobe mwenye mafua. Hadithi alitunga mwenyewe. Jogoo wake alikuwa mvivu kuliko wote duniani, akiamka jua limeshafika utosini, anatoka bandani kwa hasira na kuuliza, "Nani kazima jua?" Jua lenyewe liko pale linawaka. Kuku anamjibu fungua macho, baba, hujafungua macho. Na nyuma ya sauti zote hizo, ukisikiliza, unasikia cherehani ya mama inakwenda, maana alikataa katakata kusimamisha kazi ya watu kwa sababu ya jogoo.

Shida ilikuwa shangazi, dada yake baba. Kaseti iliyokwenda kwa shangazi haikurudi, au ilirudi na katikati ya katuni wamerekodi mpira. Na hakuwa peke yake. Binamu, majirani, marafiki wa binamu, wote walikuwa wanaazima. Mama hakuwa na uwezo wa kumnyima mtu kitu kilichopo. Akiulizwa kama zile nzuri zipo, alijibu zipo, pale juu, na anakuletea kigoda upandie.

Ndipo baba akafanya ukarani wake. Kazini kwao kulikuwa na kaseti za mafunzo ambazo hakuna aliyezitaka tena. Alizileta nyumbani, akabadilisha maganda. Filamu za mabomba akaziingiza kwenye maganda mazuri yenye bata na nyota. Katuni zake, zile alizozisemea, akaziweka kwenye maganda ya kijivu yaliyoandikwa kwa mashine: Usomaji wa Mita. Utunzaji wa Mabomba. Kikao cha Mwaka. Usafi wa Matangi. Binamu mmoja aliondoka na ganda la bata huku anaruka, akalirudisha kesho yake, na tangu siku hiyo kila akija kwetu alikuwa anaomba maji tu.

Waliojua siri hiyo ni baba na mimi. Sasa hapo ndipo pa kucheka, kwa sababu jina langu la nyumbani ni Redio. Nilikuwa sinyamazi. Nikitumwa chumvi, jirani alijua tunapika nini, nani amekasirika, na kwa nini. Lakini baba alinichagua mimi, akaniambia hakuna atakayefikiri kuna jambo ambalo Redio hajalitangaza. Na kweli sikulitangaza. Hata mama hakujua, maana kila siku baba ndiye aliyeweka kaseti kwenye deki kwa mkono wake, na mama alikuwa amegeukia dirishani.

Halafu sauti ya jogoo ikaanza kukwaruza. Mwanzoni tulicheka, tukasema anazeeka. Baadaye baba akawa anakunywa maji kati ya sentensi, kisha kati ya maneno. Daktari alimwambia kwenye koo kuna kitu, na ili kitoke lazima kitoke pamoja na kisanduku cha sauti. Baba alitueleza wakati tunakula, taratibu, kama mtu anayetangaza mgao wa maji. Mama aliinuka akaenda kuegemea cherehani ambayo haikuwa inashona chochote.

Wiki ya mwisho alifanya kaseti moja zaidi. Aliniambia nikae nje ya mlango nizuie watu. Nilisikia jogoo, mchovu, amekwaruka, lakini kabla ya jogoo nilisikia baba akiongea kwa sauti yake, ile ya kawaida, ya "mmeshindaje" na "nani kaacha bomba wazi". Hakuwahi kufanya hivyo kwenye kaseti nyingine yoyote. Mlango ulikuwa mzito, sikushika maneno. Alipomaliza alivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ambacho kikishavunjika deki haikubali kurekodi juu yake tena, akaitia kwenye ganda la Usafi wa Matangi. Asubuhi ya kwenda hospitali aliniinamia sikioni, maana daktari alishamkataza kuongea kwa sauti.

"Ile ya matangi, Redio. Isiguswe."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia kwa masikio.

Siku ya harusi, baba alikuwa wodini anasubiri kupasuliwa. Mama alikuwa ameshona nguo za wasimamizi wote, za kijani, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwa jirani kuazima uzi. Nikapita kabatini kama nilivyokuwa napita kila siku, kuangalia tu. Pale kwenye maganda ya kijivu palikuwa na uwazi. Unajua jino likitoka, ulimi unavyokwenda hapo wenyewe? Macho yangu yalikwenda hivyo.

Nilimuuliza mama ziko wapi kaseti za maji. Akanijibu bila kugeuka, pini mdomoni, kwamba Jicho alipitia hapa pamoja na kaka wa bibi harusi kuchukua nguo. Jicho ndiye mpiga video wa mtaa. Alikuwa analalamika madukani hakuna kaseti mpya na harusi ni leo. Mama akaona aibu kumwacha mtu anahangaika na ndani kuna marundo ya mabomba na mita yanakusanya vumbi.

"Mama," nikasema, "zile si za maji."

Nikamwambia yote. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu niliongea kifupi. Cherehani ilikuwa inakwenda, ikapunguza, ikasimama. Mama alitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kola yake.

"Hata ile aliyoifanya juzi?"

"Hiyo ndiyo ya matangi."

Hakunigombeza na hakuuliza kwa nini hakuambiwa. Alivaa viatu. Mimi nilipanda kigoda nikanyakua ganda la bata, sijui kwa nini, mkono tu ulitaka kushika kitu, na tukatoka mbio. Ndiyo hapo ndala ilipobaki.

Mlangoni mwa ukumbi walisimama wanaume wawili wenye suti, wanaangalia kadi. Hatukuwa na kadi. Lakini mama alikuwa na utepe wa kupimia shingoni, mkasi mkononi na pini kwenye kola, na uso wa mtu ambaye nguo imechanika mahali pabaya. Walitupisha wenyewe. Mmoja akamwambia mama awahi, bibi harusi ameshashuka garini.

Mkoba wa Jicho ulikuwa chini ya stuli yake. Nilipiga magoti nikaufungua. Mita ilikuwepo. Mabomba yalikuwepo. Kikao cha Mwaka kilikuwepo. Zote tatu zilikuwa zimebandikwa selotepu mgongoni, pale baba alipokuwa amevunja vijino. Sikujua kama inawezekana. Ulinzi wote wa baba, na ulichohitaji kuushinda ni kipande cha selotepu. Chini kabisa ya mkoba kulikuwa na ganda la Usafi wa Matangi. Nililitikisa. Lilikuwa tupu.

Nikainua macho, nikaiona ile taa.

Nilimvuta suruali. Nilimwambia hiyo kaseti si ya maji, kuna mtu ndani, atoe. Alinijibu kwa pembe ya mdomo, bila kuhamisha jicho, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kunong'ona karibu na maikrofoni.

"Shuka hapa, mtoto. Bibi harusi anaingia."

"Zima kidogo tu."

"Nizime, halafu nimwambie nini mama yake? Arudi aingie tena?"

Ningekuwa mimi ni yeye, ningesema hivyohivyo. Mtu anaingia kwenye harusi yake mara moja. Muziki ukaanza. Watu wakasimama, viti vikakwaruza sakafu, na mama yangu akanaswa nyuma ya migongo, namuona utepe tu. Kamera ilikuwa inaunguruma taratibu juu ya kichwa changu, sauti ndogo, kama paka aliyeshiba. Nilijua tayari imeshameza gari, imeshameza maua, imeshameza mwanzo. Mwanzo ndipo baba alipokuwa anaongea kama baba. Bibi harusi akanyanyua mguu wa kwanza.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Nilifungua mdomo kulia, na kilichotoka hakikuwa kilio. Alitoka jogoo. Jogoo wa baba, mzima mzima, mwenye usingizi na hasira na koo iliyokwaruza, kwa nguvu ambayo mtoto wa darasa la sita hatakiwi kuwa nayo.

"Nani kazima jua?"

Kisha mtu wa safu ya nyuma akacheka puani, na ukumbi ukapasuka. Mwenye kinanda akakosea, akaacha. Bibi harusi alibaki na mguu hewani, akaurudisha chini, akarudi nyuma, shela imemkaa upande. Mama yake akageuka kututazama. Ule mtazamo nauona hadi leo nikichelewa kulipa nauli.

Na Jicho, kwa sababu sasa hakukuwa na kitu cha kupiga isipokuwa mabega ya watu wanaocheka, akabonyeza. Taa ikazimika.

Mama alifika, akasimama kati yangu na mama wa bibi harusi aliyekuwa anakuja na mkono wake tayari umeshatangulia. Mama yangu hakuwa mtu wa kueleza. Alisema jambo moja.

"Dada, mume wangu keshokutwa anatolewa sauti. Iliyobaki imo kwenye hicho kisanduku."

Yule mama aliangalia kamera. Akaangalia nguo za kijani za wasimamizi, mishono yote imekaa sawa, akaangalia mguu wangu usio na ndala. Mkono ukashuka. Akamwambia Jicho aitoe, na afanye haraka.

Jicho akatoa kaseti ikiwa bado ya moto, akaniwekea mkononi juu ya zile tatu nilizokwisha kuzitoa mkobani, kisha akauliza kwa uchungu kabisa sasa yeye atapiga harusi kwenye nini, kwenye kiganja? Nikampa ganda la bata. Akaligeuza, akaona nyota.

"Nirekodi juu ya katuni za watoto?"

"Hii si katuni. Hii ni mabomba."

Alinitazama kama mtu aliyeamua kutouliza tena swali lolote siku hiyo. Akabandika selotepu, muziki ukaanza upya, na bibi harusi akaingia mara ya pili. Aliponipita aliinama kidogo, akaninong'oneza kwamba mara ya kwanza magoti yalikuwa yanagongana. Mara hii aliingia anacheka. Ndivyo alivyo kwenye kaseti yao mpaka leo, anacheka tangu mlangoni, na harusi ikiisha, wageni wakishapunga mikono, anatokea bwana mmoja mwenye kofia ngumu anaeleza namna ya kufunga koki. Nasikia wanamsubiri. Hawazimi mpaka afunge koki.

Baba alirudi na shingo imefungwa kitambaa cheupe. Hatukumwambia chochote hospitali. Jioni ile mama aligeuza kiti chake, akakitazamisha televisheni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mimi nikaweka kaseti ya matangi.

Badala ya baba, likatokea gari lenye maua. Mlango unafunguliwa, kiatu cheupe kinagusa chini, wanawake wanarekebisha shela. Nilikuwa naeleza haraka haraka, naomba radhi kwa niaba ya Jicho na selotepu na dunia. Baba aliinua kiganja, ninyamaze. Alikuwa hatazami gari. Alikuwa anatazama mahali fulani nyuma ya gari, na midomo yake ilikuwa inacheza. Polepole, bila pumzi, bila mlio. Alikuwa anayasema yale maneno yaliyokuwa pale. Aliyasema yote, mimi na mama tunamtazama mdomo, na wakati ule hatukuwa tumejifunza bado kumsoma. Yakapita.

Kisha mlango wa ukumbi, mguu wa bibi harusi hewani, na sauti yangu, jogoo. Picha ikachanika, chenga zikamwagika, na katikati ya chenga akatokea kuku wa baba, amekatizwa sentensi, mkali vilevile, "na kelele zako zote hizo." Kwa mbali, cherehani.

Mabega ya baba yalitikisika. Nilidhani analia. Nikamtazama usoni, alikuwa anacheka, kicheko kikubwa kisicho na sauti hata kidogo, anajipiga paja. Akanionyesha niirudishe nyuma. Tuliirudisha mara nyingi sana.

Tumebaki na jogoo, na kuku, na kobe mwenye mafua. Lakini ile sauti ya "nani kaacha bomba wazi" iliondoka na gari la bibi harusi. Nilipokuja kuweza kumsoma midomo vizuri, na sasa namsoma hata akiwa ng'ambo ya barabara, nilimuuliza kule mwanzo alikuwa amesema nini. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Karibisho tu, alisema.

Haya, sasa habari. Nimepata kazi. Wiki iliyopita waliniita, jana nikaenda. Mimi, niliyekaa chuoni miaka yote nasomea utangazaji huku shangazi akiuliza nitaolewa lini, nimechukuliwa kusemea katuni. Kwa Kiswahili, vipindi vizima, na mimi ni jogoo. Ndiyo. Kati ya watu wote waliojaribu, wamenipa mimi jogoo.

Nilikwenda na baba. Fundi sauti alimpa kiti upande wa pili wa kioo, karibu na mashine zake, na baba akakaa amenyooka, kofia magotini, Bwana Kimya kabisa. Mimi nikaingia kwenye kile chumba kilichofunikwa sponji ukutani, nikavaa visikilizio. Mlango ukafungwa nyuma yangu, mzito, na nikaona tu taa ndogo nyekundu juu ya kioo. Ikawaka.

Fundi akaniambia nisianze na jogoo. Kwanza niseme chochote, kwa sauti yangu ya kawaida, apime. Chochote tu, akarudia. Na mimi, Redio, nikakosa la kusema. Nilimtazama yeye, nikatazama taa, nikamtazama baba.

Baba alikuwa ananitazama mdomoni. Midomo yake ikaanza kucheza, polepole, kama siku ile ya gari lenye maua. Safari hii nilikuwa naweza kusoma. Nikaisogelea maikrofoni, nikawa nasema nyuma yake, neno kwa neno.

"Sogeeni karibu wote. Mama Redio, zima cherehani kidogo, njoo ukae. Haya. Tuko wote? Tunaanza."

Fundi akainua kidole gumba, akasema sauti imeingia.